Mheshimiwa Niliyemnyima Kahawa

Siku ya mtihani wa darasa la saba msimamizi alinisomea swali la hisabati, akasema: "Tazama mchoro."

Nilidhani anatania. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Karatasi yangu ya nukta nundu, ile ya kusomwa kwa vidole, haikuwa imefika shuleni, kwa hiyo nilitengwa kwenye chumba kidogo ili mtu mzima anisomee maswali. Kusoma alisoma vizuri. Lakini maswali ya maumbo yalikuwa mengi, na kila nilipomwomba anieleze umbo lenyewe likoje alijibu, kwa upole kabisa, kwamba hairuhusiwi, angekuwa ananisaidia. Nikapitisha kiganja juu ya karatasi yake. Ilikuwa laini kama jani la mgomba. Nikabahatisha.

Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Miaka niliyoishi Kashai, mjini Bukoba, kwa shangazi, katika chumba cha kupanga, ili tu niwe karibu na mwalimu anayejua nukta nundu, iliishia hapo. Kule dereva wa bodaboda ndiye aliyenipeleka shule, na wenzake kijiweni walimtania: "Abiria wako leo amekwambia shati limechanika?" Naye aliwajibu kwamba mimi ndiye abiria pekee asiyemlalamikia mwendo. Nilicheka nao. Mimi si msemaji, kucheka kulinitosha. Baada ya matokeo nilirudi kwetu Ijumbi kwa basi, begi mapajani. Nikawa mtu wa kumenya ndizi na kuanika kahawa. Na nikaanza kuchukia.

Padri hutuambia chuki ni mzigo. Kwangu haikuwa mzigo. Ndiyo iliyoniamsha asubuhi.

Nilijua wa kumchukia. Kabla ya mtihani ule, nikiwa nyumbani likizo, mheshimiwa mmoja alikuja kijijini kuomba kura. Sitasema ni wa jimbo gani wala wa chama gani, akisoma atajijua. Aliniita mbele ya mkutano. Akaweka mkono kichwani kwangu, akauambia umati kwamba mtoto huyu atasoma kama wengine. Italetwa mashine ya kuandikia nukta nundu, ataletwa mwalimu hapahapa kijijini, na yeye mwenyewe atalisemea jambo hili bungeni. Watu wakapiga makofi. Picha ikapigwa, ikazunguka kwenye simu. Mpaka leo wananiambia nimetoka vizuri.

Alishinda. Mashine haikuja, mwalimu hakuja, na kama aliwahi kulisema neno lolote bungeni hakuna aliyelisikia.

Yangu ningeweza kuyameza. Lakini mdogo wangu wa kike ana ugonjwa uleule wa macho ulionipofusha mimi, na yeye ulimkuta mapema zaidi. Shangazi alishahama kutoka mjini, kwa hiyo hana pa kufikia Kashai. Anasoma shule ya kijiji, anakaa dawati la mbele kusikiliza, na rafiki yake anamnong'oneza yaliyoandikwa ubaoni. Yuko darasa la sita. Mwakani ataingizwa kwenye chumba kidogo kama kile changu.

Mwaka huu jirani yetu alifiwa, na mheshimiwa akaja kuzika. Ni wa ukoo mmoja na Taata, yaani baba yangu, kwa hiyo baada ya mazishi alipita nyumbani kwetu kusalimia.

Kwetu Buhaya mgeni akishakaa, kabla ya chakula na kabla ya habari ndefu, hupewa akamwani. Ni kahawa iliyochemshwa na kukaushwa na maganda yake, ya kutafuna, na hupitishwa kwenye kikapu kidogo. Mwenye nyumba huchukua kwanza, kisha wageni. Ukimpita mtu umemwambia mbele ya wote kwamba hana amani na nyumba hii. Sikuwahi kusikia aliyepitwa. Kazi ya kupitisha kikapu kwetu ni yangu, maana sebule ile naijua kuliko wanaoona.

Nilimpa Taata. Nikampa mzee wa jirani. Nikampa dereva wa mheshimiwa, aliyekaa karibu na mlango. Mheshimiwa mwenyewe nilimjua kwa manukato yake, na kwa kiti, kwa sababu chenye mto ni kimoja tu. Nilimpita. Nikafunika kikapu.

Taata alikohoa, akaniambia taratibu kwa Kihaya kwamba mgeni yuko kushoto kwangu.

Mheshimiwa akacheka kidogo. "Mwache, mzee. Si kosa lake, haoni."

Hapo ningeweza kutoka salama. Ningeomba radhi, ningenyoosha kikapu, na wote wangenihurumia. Mara nyingi nimejificha nyuma ya macho yangu namna hiyo.

"Najua ulipokaa," nikasema. "Nimekupita."

Hakuna aliyetafuna. Mheshimiwa akauliza, sasa kwa sauti ya mkutanoni, kijana huyu ana shida gani.

"Mwakani mdogo wangu anafanya mtihani," nikamwambia. "Hana kitabu hata kimoja cha kusoma kwa vidole. Ulisema utaleta mwalimu."

"Mwanangu, hayo ni mambo ya bajeti. Mimi ni mtu mmoja, kule bungeni tuko wengi."

"Hata siku ya picha ulikuwa mtu mmoja."

Dereva kicheko kilimponyoka, akakigeuza kikohozi. Sitadanganya, kicheko kile kilikuwa kitamu kuliko chakula chochote nilichopata kula. Mheshimiwa alisimama, akasema safari ya Bukoba ni ndefu, akaondoka bila kusubiri ndizi zilizokuwa jikoni.

Taata alisema sikumpita mheshimiwa peke yake, nilimpita na yeye, kwa sababu nyumba ni yake. Alitaka niende Bukoba nikaombe msamaha. Nilikataa, na kwa muda mrefu hakunisemesha. Mama hakunigombeza. Tulikuwa tunamenya ndizi, akaniuliza bila kuacha kumenya: "Umemkomoa yeye, au umemkomoa mdogo wako?"

Mtu aliyeaibishwa anaweza kufunga mlango, na mlango wenyewe haukuwa wangu, ulikuwa wa mdogo wangu. Hilo sikuwa nimelifikiria nilipofunika kikapu.

Kwa hiyo nilikwenda na mama kwa mwalimu mkuu. Alikubali kuomba mapema karatasi ya nukta nundu. Akasema pia, na ni kweli, kwamba nukta kwa mtoto ambaye hajafundishwa kuzisoma ni vipele tu. Sasa namfundisha mimi. Nina kibao kimoja cha kutobolea nukta na kalamu moja ya chuma, tunatoboa kwenye kalenda kuukuu kwa sababu karatasi zake ni ngumu. Maumbo namtengenezea kwa nyuzi za migomba nilizogandisha kwenye maboksi: pembetatu, duara, mstatili. Akifanya mazoezi yeye, mimi siandiki. Ndiyo maana maneno haya yamechukua muda mrefu.

Na maneno haya ni yenu ninyi wengine mnaokaa kule bungeni kupitisha bajeti. Siombi huruma, yenu nimeshaijua ilivyo. Pelekeni walimu wa nukta nundu kwenye shule ambazo watoto wasioona wanaishi karibu nazo, wasilazimike kwenda kupanga mjini. Vitabu vifike wakiwa bado wanasoma. Kila mchoro wa mtihani uwe na mistari inayoshikika, au liwepo swali jingine mahali pake. Mkinyanyua mikono kukubali, sitawashukuru, kama ambavyo hakuna anayewashukuru kwa chaki ya wanaoona. Mkikataa, bado mtakuja. Kura zina msimu wake na misiba haina msimu. Mtakaribishwa, mtapewa viti. Nyuso zenu sizijui, lakini sauti nikiisikia mara moja siisahau.

Jana jioni mdogo wangu alikuwa akipapasa boksi la pembetatu. Akaniuliza: "Kaka, nikifaulu utaacha kumchukia?"

Nikasema sijui.

"Na nikifeli?"

Nikamwambia akifeli, jibu lake nalijua.

Vidole vyake vikaendelea kutembea juu ya nyuzi. Kisha akasema basi nimtafutie maswali magumu zaidi, pembetatu ameshazichoka.