Kunde za Adhuhuri

Mwanangu alikuwa akila ukuta wa nyumba. Nilimkuta nyuma ya choo cha uani, amechuchumaa, anabandua udongo mkavu kwa kucha na kuutafuna taratibu kama mtu anayekula karanga. Nikamgombeza, kisha nikamvuta juani nimtazame vizuri. Midomo ilikuwa imepauka, viganja vimepauka, na nilipomfunua kope ya chini, ndani palikuwa peupe.

Kliniki wakampima. Muuguzi alikuwa mama mmoja mnene asiyejua kubembeleza mtu. Aliniambia damu ya mtoto imeshuka sana, na kwamba mwili ukikosa damu hutamani vitu vya ajabu. Akampa dawa, kisha akaniuliza nyumbani tunakula nini. Nikamwambia ukweli: ugali kwa mchuzi wa nyanya, na chai ya rangi asubuhi, mchana na jioni.

"Hiyo chai juu ya chakula ndiyo inayomwibia mtoto damu," alisema. "Mpe maini."

Nikacheka, maana ningefanya nini? Mume wangu alikuwa kibarua bandarini. Meli zikija tunakula, zisipokuja tunabana, na msimu ule zilikuwa haziji. Muuguzi hakucheka. Akasema basi nimpe kunde, punje zake na majani yake, pamoja na dagaa kidogo na tembele, na nikamue ndimu juu ya mboga kila siku ili mwili uipokee ile nguvu. Majani nioshe kabla ya kuyakata, siyo baada. Akaongeza kwamba nisipomsikiliza, safari nyingine nitamleta mtoto amebebwa, na damu ya kumwongezea hajui kama itapatikana.

Tembele na dagaa halikuwa neno. Lakini kunde zilikuwa jambo jingine, kwa sababu nyumbani kwetu zilikuwa haziingii mlangoni.

Tulikuwa tunaishi na mama mkwe wangu, mwenyeji wa Maramba, mwanamke mwembamba, msafi kupita kiasi, asiye na maneno mengi. Ukoo wao una mwiko wa kunde. Yeye mwenyewe aliolewa na binamu yake, kwa hiyo mwiko ule uliingia nyumbani kwa milango miwili, na mume wangu akazaliwa nao. Jirani aliwahi kutuletea bakuli la kunde za nazi mwezi wa Ramadhani. Mama mkwe akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamwombea dua ndefu, halafu akanituma nilipeleke nyumba ya pili bila kulifunua.

Wiki ile ile niliyoolewa alikuwa amenieleza. "Anayekula ataitwa," alisema. "Ataitwa jua likiwa utosini. Akiitika, hakai."

"Ataitwa na nani, mama?"

"Hivyo ndivyo tulivyokuta," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Mimi nimekulia kambi ya mkonge upande wa Pongwe. Wazazi wangu waliteremka kutoka milimani kufuata kazi, na sisi watoto tulilelewa kwa kunde mpaka tukazichoka. Hakuna aliyetuita mchana wala usiku, labda msimamizi. Nilisilimu nilipoolewa, nikajifunza kupika vya pwani na kunyamaza mbele ya wakubwa, lakini moyoni niliuona ule mwiko ni upuuzi wa watu wenye chakula cha kuchagua. Sasa mtoto wangu alikuwa anakula nyumba, na mimi si mtu wa kukaa nikaangalia.

Nikazinunua sokoni, hapa kwetu Ngamiani, nikazifunga ndani ya khanga. Niliziroweka chini ya kitanda, maji nikayamwaga alfajiri, nikazichemsha kwenye chungu nilichokitenga mpaka zikapasuka. Zikishalainika nilitia tui jepesi, kitunguu na majani yake yaliyokatwa kwa upana, mwisho tui zito kidogo, nikiepua nakamua ndimu. Ukipika hivyo hakuna anayekumbuka nyama. Mama mkwe alipokuwa ndani akiswali adhuhuri, mimi nilimlisha mtoto uani, haraka haraka, huku nikipunga upepeo kuifukuza harufu.

Harufu ya kunde haifukuziki. Mama mkwe alitoka, akasimama mlangoni na tasbihi mkononi, akaangalia bakuli, akaangalia mdomo wa mjukuu wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi na maneno nilikuwa nayo tele. Akarudi chumbani kwake, na tangu siku ile akawa hali pamoja nasi mchana. Mume wangu naye nilipomwambia alijibu kwamba hataki kujua, akaondoka kwenda kibarazani.

Mtoto akaanza kupata rangi, na ukuta akauacha. Nilikuwa na furaha ya kibri, ile ya mtu aliyewashinda watu wa ukoo mzima kwa chungu kimoja.

Sasa, Ngamiani mchana wa jua kali kuna saa ambayo kila kitu kinanyamaza. Baiskeli hazipiti, cherehani zinasimama, hata kuku wanajilaza kwenye kivuli cha ukuta. Saa hiyo ndipo mwanangu, tonge likiwa mkononi, alipoinua kichwa na kusema, "Abee!"

"Unamwitikia nani?"

"Ananiita."

"Nani?"

Akanyoosha kidole kwenye mlango wa uani. Nikaufungua. Uchochoro ulikuwa mweupe kwa jua na hapakuwa na mtu. Khanga zangu zilikuwa kwenye kamba, zimening'inia bila kutikisika. Nikamwambia ni watoto wa jirani, ale.

Kesho yake akaitika tena, na siku zilizofuata hivyo hivyo, kila mara katikati ya chakula. Kila alipoitika alikuwa hamalizi. Anaweka tonge chini na kukaa ameutegea mlango sikio, kama mgeni anayesubiri kuambiwa apite. Nikimuuliza anasema ni mtoto. Nikimuuliza mtoto gani, anasema, "Yuko nje. Ana njaa." Alikuwa hana hofu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia baridi.

Siku moja niliingia ndani kuchukua chumvi. Niliporudi hakuwa mkekani. Nilimkuta amelala kifudifudi chini ya ukuta wa ua, pale kwenye tundu la kupitishia maji machafu, mkono wake umezama ndani ya tundu mpaka kwenye bega. Alikuwa anacheka kidogo, kama anayetekenywa. Nikamvuta kwa nguvu mpaka akalia. Kiganja chake, ambacho nilikiacha kimejaa kunde na tui, kilikuwa kisafi na kina unyevu.

Nilizunguka mbio hadi upande wa pili wa ukuta. Nikajiambia ni paka, Ngamiani haina uhaba wa paka. Nilitazama chini ya mchongoma, nikatazama kwenye mtaro. Paka sikumwona, wala punje moja ya kunde sikuiona. Nikakaa pale pale kwenye vumbi.

Basi nikaacha kuzipika. Nilirudia tembele na dagaa, nikaongeza mlenda, nikamkamulia ndimu mpaka akakunja uso. Lakini dagaa wakapanda bei, meli hazikuja, na tembele peke yake si kitu kwa mtoto aliyekwisha kauka vile. Mchana palikuwa kimya na hakuna aliyeitwa. Kisha asubuhi moja nikaona alama mpya za kucha ukutani, na nilipomfunua kope nikaona weupe ule ule.

Nilikuwa na hasira kuliko woga. Nikimlisha anaitwa, nisipomlisha anaisha. Nikaenda chumbani kwa mama mkwe bila hata kubisha hodi, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikasahau na shikamoo.

"Mama, nipe dawa ya kwenu," nilimwambia. "Kuna mganga, kuna sadaka, kuna kitu gani? Nitafanya chochote. Mtoto ananifia mkononi na nyinyi mmekaa na mwiko wenu!"

Alikuwa ameketi kitandani, miguu haifiki chini. Hapo ndipo nilipoona kwamba naye alikuwa amekonda mno. Zile siku zote za kutokula nasi, alikuwa hali popote.

"Hili halina dawa," alisema. "Ningekuwa nayo ningekaa nayo?" Kisha akaniuliza, "Amekwambia anayemwita ni mtu mzima au mtoto?"

"Mtoto."

Akafumba macho. Nilidhani anasoma dua. Alipoyafumbua aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bakuli.

"Kazipike," alisema. "Pika nyingi, kama za wageni. Utandike sinia moja, ule mlango wa uani uuache wazi."

"Mama?"

"Kazipike, mwanangu, jua linapanda."

Nikazipika. Tulitandika mkeka uani chini ya kivuli cha paa, sinia katikati, wali kidogo na kunde nyingi. Yeye akanawa, akaketi akiuelekea mlango, akamweka mjukuu ubavuni pake. Mimi nikakaa upande wa pili. Upande wa nne aliniambia nisikae, na mtoto asikae. Jua likafika utosini, na mtaa ukanyamaza.

Nami nikasikia.

Ilikuwa sauti ya mtoto mdogo, imekwaruza, sauti ya mtu aliyeita muda mrefu bila kuchoka. Haikutoka mbali. Ilisema neno moja tu: "Mama." Mwanangu alikuwa mbele yangu, mdomo umejaa wali, haikuwa yake. Nilimwona anameza, anafungua mdomo aitike, na nikajua siwezi kumfikia, mwili wangu umekufa ganzi. Mama mkwe akamziba mdomo kwa mkono wa kushoto.

"Siyo wewe," alimwambia kwa upole. "Hukuitwa wewe."

Kisha akatia mkono wa kulia kwenye sinia. Akafinyanga tonge, akalichovya kwenye kunde mpaka vidole vikazama, akalitia kinywani. Mwanamke yule alikuwa hajawahi kuonja kunde tangu azaliwe, na aliamini kwa moyo wote kwamba anakula kifo chake. Akatafuna na kumeza, akautazama mlango.

"Bee, mwanangu," alisema. "Nipo hapa. Karibu, njoo ule."

Lilikuwa neno la kawaida kabisa. Kwetu huku hata mpita njia usiyemjua, akikukuta unakula, unamkaribisha. Mama mkwe akasogea kidogo kwenye mkeka, kama tunavyosogea mtu anapotaka kukaa. Akafinyanga tonge jingine, akaliweka kwenye ukingo wa sinia, ule upande wa nne usio na mtu. Sikuona kitu kikiingia. Khanga zilizokuwa kwenye kamba zilitikisika, moja baada ya nyingine, kutoka mlangoni kuja kwetu, na upepo hapakuwa nao.

Tangu adhuhuri ile mwanangu hakuitwa tena. Kunde tukazipika waziwazi, na mume wangu siku moja akaketi akala nasi. Muuguzi alipomfunua mtoto kope, aligeuka kuandika na kuniambia niendelee hivyo hivyo, jambo ambalo kwake ni sifa kubwa. Leo ni msichana wa kuruka kamba barabarani mpaka nimwite kwa fimbo. Mama mkwe tungali naye. Nilikuwa simpendi, niseme kweli, na sasa nampenda mpaka naogopa.

Lakini adhuhuri ile haikuishia kwenye zile khanga. Mama mkwe alikula tonge la pili, na la tatu. Alikuwa anakula kama mtu aliyetoka safari. Akasita, akatazama vidole vyake vilivyolowa tui.

"Kumbe tamu," alisema.

Nikataka kucheka kwa ile faraja ya kuwa hai. Nilipomtazama uso, kicheko kikanikauka. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyafuta.

Akasema kabla ya kumzaa mume wangu alizaa msichana. Mume wangu mwenyewe hajawahi kuambiwa. Msichana yule alikuwa mkubwa kiasi cha huyu wangu, na mwaka ule chakula kilikuwa haba Maramba nzima. Mtoto akaanza kula udongo wa ukutani, macho ndani yakawa meupe.

"Mlikuwa hamna kitu kabisa?" nilimuuliza.

"Kunde tulikuwa nazo," alisema. "Sisi tulikuwa tunazilima kwa kuuza. Shamba lote lilikuwa kunde. Nilikuwa nakaa uani nazipura, naye anakaa mlangoni ananitazama, ananiita, mama, mama."

Mwanangu alikuwa amesimamisha tonge hewani, anamsikiliza.

"Aliniomba," alisema mama mkwe. "Nikamwambia zitakuua."