Gari la Mama Lilivyochemsha

Mimi sikuumbwa kungoja. Chai ikiwa jikoni nitakuwa nimefagia uwanja, nimefungua redio, nimeifunga, na nimeshaifunua sufuria mara kadhaa kabla haijatoa hata povu. Sasa mpe mtu wa namna hiyo gari la kizamani linalochemsha, halafu mwambie alifikishe Kolo. Utaona vituko.

Gari lilikuwa la marehemu baba. Alilinunua kwa Mzungu mmoja wa mambo ya barabara aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, enzi hizo mimi bado nabebwa mgongoni. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, rangi ya chai ya maziwa, milango mizito ambayo ukiifunga mtaa mzima wa Nkuhungu unajua umerudi. Baba alipofariki likabaki uani kwetu, kuku wakilala chini yake, na baba mdogo akaanza kulitaja. Huyu ndiye mdogo wake baba wa pekee, aliyekuwa akiishi kwao Kolo, huko Kondoa.

Alilitaja kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma. Kila akija mjini alimwambia mama kwamba gari ni mzigo kwa mjane, na yeye kama shemeji yuko tayari kumtua. Mama hakujua kuendesha, hilo kweli. Lakini mimi nilijua. Baba alinifundisha kwenye barabara ya Chamwino asubuhi za Jumapili, akinigombeza tangu kutoka mpaka kurudi. Baba mdogo alipokumbushwa hivyo alicheka tu, akaomba maji ya kunywa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na baba hakuwepo.

Mwishowe wakasemezana mbele ya wazee wa ukoo. Hitima ya kutimiza mwaka tangu baba azikwe ilikuwa inakaribia, nayo ilikuwa isomwe Kolo. Baba mdogo akakohoa kidogo, akasema:

"Shemeji, mkifika Kolo na gari hili bila kuvutwa, sitalitaja tena. Mkivutwa, linabaki kwangu."

Mama akajibu, "Haya." Basi. Kama mtu aliyeulizwa iwapo chumvi imetosha. Nilitaka kumrukia, yeye pamoja na shemeji yake. Pale barazani hapakuwa na asiyejua kwamba gari lile lilikuwa halifiki hata Makutupora bila kufuka moshi kama tanuri la mkaa.

Zilikuwa siku za ruksa, biashara imefunguliwa. Maduka tuliyoyazoea yakiwa na rafu tupu yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi, na pikapu za Kijapani zilizokwishatumika huko kwao zilikuwa zikiingia mjini kama kumbikumbi baada ya mvua. Vipuri vya hizo pikapu vilipangwa chini sokoni kwa mafungu, kama nyanya. Vya gari letu, hata ulie machozi ya damu, huvipati. Wenye maduka walinisikiliza nusu, wakaniambia, dada, hilo gari lipumzisheni.

Nikalizungusha kwa mafundi. Kila nikitoka kazini, mimi huyo, hata viatu vya ofisini sijavua. Fundi wa kwanza alitoa thamostati, kile kidude cha shaba kinachokaa mdomoni mwa injini na kuyazuia maji mpaka yapate moto. Alisema ni kitu cha nchi za baridi, sisi wenye jua la Dodoma kinatuhangaisha bure. Na si yeye peke yake. Mafundi wa mji mzima walikuwa wakivitoa na kuvitupa, gari likija tu, hata kama limekuja kwa ajili ya breki, na sisi tukawashukuru. Wa pili akabadili mkanda wa feni. Wa tatu akasema gasketi, akafungua, akafunga, akasema sasa ni mapenzi ya Mungu. Gari likaendelea kuchemsha kama kawaida yake.

Silali, sili. Ofisini naandika barua kwa taipu, akili iko kwenye rejeta, lile tangi la mbele la kupozea maji ya injini. Nikirudi nyumbani nalizunguka gari, nafungua boneti, nafunga. Mama akaniambia nitachimba mtaro uani kwa kuzunguka. Siku moja alikuwa akisugua birika lake. Maji ya kisima ya Dodoma mnayajua: yana chumvi, birika likikaa kidogo linaota ukoko mweupe ndani, mgumu kama chokaa, na mama alikuwa na dawa moja tu ya ukoko huo, ukwaju. Aliuchemsha humo, akamwaga, ukoko ukatoka mapande mapande. Akainua uso akaniuliza, kwa utulivu wake ule wa kuudhi, baba alikuwa akitia maji gani kwenye gari.

Loo! Maji ya kisima, mengine yapi tena? Miaka yote hiyo!

Tukaloweka ukwaju wa ndoo nzima. Tukauchuja kwa kanga kuukuu, tukaumimina kwenye rejeta, nikawasha injini ikanguruma pale uani huku majirani wamejaa uzioni wakiuliza kama tunalipikia gari uji. Nilipofungua maji chini yalitoka mekundu kwa kutu, yamejaa vipande vya ukoko. Tukarudia mpaka yakatoka safi, kisha tukatia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa. Nilicheka peke yangu kwa furaha, nikamkumbatia mama na mikono yangu michafu.

Kesho yake nikalijaribu njia ya Kondoa. Likaenda vizuri kuliko zamani, lakini kabla ya Makutupora mshale wa joto ukapanda tena. Nikasimama pembeni, nikashuka, nikalipiga teke tairi. Nililia, sioni haya kusema. Hitima ilikuwa wiki hiyohiyo. Nikafungua boneti na kwa hasira nikaiwekea rejeta kiganja, potelea mbali, niungue tu.

Sikuungua. Rejeta ilikuwa vuguvugu, ilhali injini inatokota karibu yake. Nikagusa huku, nikagusa kule. Palikuwa na kimpira kifupi kinachotoka mdomoni mwa injini na kurudi moja kwa moja kwenye pampu. Hicho ndicho kilinibabua vidole. Nikasimama nikinyonya vidole na kufikiri. Maji ya moto yalikuwa yamepata njia ya mkato. Yanatoka kwenye injini yanarudi kwenye injini, hayaendi kupoa. Na mlango wa hiyo njia ya mkato ulikuwa ni kidude kile kile cha nchi za baridi. Kikishapata moto kinayafungulia maji kwenda kwenye rejeta, na papo hapo kinaziba huku. Tulikuwa tumelitibu gari kwa kuling'oa ulimi.

Nikamrudia fundi wa kwanza. Tulibishana mpaka wenye vibanda vya jirani wakaja kusikiliza. Thamostati alikwisha kuitupa, na mpya haikupatikana. Mwisho akachoka na kelele zangu, akakata kipande cha shaba, akakipiga tupa kikawa duara, akakisukuma ndani ya kile kimpira na kukibana pande zote mbili, maji yasipite tena. Akaniambia injini ikifa nisiirudishe kwake.

Tukaondoka alfajiri, mama kiti cha mbele, kiti chake cha miaka yote, gunia la mchele wa hitima nyuma. Barabara ya vumbi, makorongo ya mchanga, mimi na mshale, mshale na mimi. Mama alivuta tasbihi yake akaniambia nitazame njia, mshale hautupeleki popote. Tulipoanza kupanda vilima ukaanza kujivuta juu. Nikafungua hita, kwa jua lile, ili ivute joto la injini ituletee sisi. Tukaiva kama viazi. Kanga ya mama ililowa mgongoni. Mshale ukasita. Ukakaa. Nikapiga kelele za furaha peke yangu.

Baba mdogo tulimkuta amesimama kando ya barabara tunapoingia Kolo, kamba nene begani. Alikuwa anatungoja atuvute. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mlima wa pili. Lakini ni mtu wa kauli yake. Hitima iliposomwa na watu wakala wakashiba, alisimama mbele ya wazee walewale, akasema gari ni la shemeji yake, na atakayelitaja tena agombane na yeye kwanza. Usiku ule nililala usingizi wa kwanza wa maana tangu mwezi umeandama.

Asubuhi tulipokuwa tukiteremka kuelekea Kondoa, nikiimba, mama akasema:

"Ukifika Dodoma nitafutie mtu wa kulinunua."

Nikakanyaga breki katikati ya barabara. Nilimwuliza kama amesikia mwenyewe alichosema. Vidole vyangu vilikuwa bado na malengelenge. Tumehangaika vile, tumeliogesha kwa ukwaju, tumeiva kwenye hita, ili auze? Si bora angemwachia baba mdogo mapema, mimi nikalala! Nilisema mengi. Akaniacha niyamalize, akakunja tasbihi yake kiganjani.

"Angelichukua, ningekuwa nimenyang'anywa," alisema. "Nikiliuza, nimeuza mimi. Nililetwa Dodoma na baba yako na nguo zangu za uharusi, na tangu aliponunua gari hili nimekwenda lilipokwenda. Limesimama lilipochemsha, limeondoka baba yako alipotaka. Sijawahi kusema simama hapa, likasimama."

Nilikuwa na hasira nayo ilikuwa haijaisha, nisidanganye. Nilikuwa nalipenda gari lile. Nyuma yetu lori lilikuwa linapiga honi tupishe njia. Nikatia gia, nikalisogeza taratibu, nikamwuliza anataka tusimame wapi.

Akafikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba. Kisha akasema pale Kondoa mjini, karibu na stendi, kuna mgahawa wa viti vya bluu. Ameupita miaka yote, na siku zote umekuwa ukinukia maandazi.