Dumu la Ulanzi Kwenye Uzio wa Nyuki

Nilisafiri kwa sababu ya woga, nisiwadanganye. Kampuni ya madini ilikuja kijijini kwetu, juu ya Ilula, ikasema tushirikiane: wao wachimbe ng'ambo ya korongo, sisi tuiache wazi njia ya tembo, nao watuletee mizinga ya kuzungushia mashamba, maana tembo anaogopa nyuki. Njia yenyewe inapita katikati ya shamba langu la nyanya. Na ni tembo aliyemuua mdogo wangu Castory, akitoka kuchota maji. Mkutano ukaamua: mzee, nenda Chunya, huko mambo hayo yapo tayari, ukaone, utuletee neno. Moyoni niliomba nikute yameshindwa.

Alfajiri, Ilula. Nilipanda basi na dumu la ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mhehe haendi ugenini mikono mitupu. Ulanzi ukiubana unapasua chombo, kwa hiyo kifuniko nilikilegeza. Shule niliishia la tatu, lakini ulanzi naujua.

Tulipoipita Iringa, mama niliyekaa naye akanusa. "Babu, hilo dumu linapumua."

"Linasali," nikamjibu. Mimi ni mzee wa kanisa, mjue.

Mchana, Igawa. Nilinunua hindi la kuchoma, likanishinda. Kila kichuguu nilichokiona kwa mbali kilikuwa na masikio.

Mbeya nililala tu. Asubuhi gari likapanda milima ya Wasafwa ndani ya ukungu, likashukia pori kavu la Chunya.

Saa kumi jioni nilifika. Mwenyeji wangu, Mzee Mwazembe, alinipokea barabarani pamoja na Minza, binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe. Yeye ni askari wa wanyamapori wa kijiji. Wakanionyesha uzio: mizinga imening'inizwa kwenye waya kuzunguka mahindi. Tembo akigusa waya, mizinga yote inatikisika.

"Mizinga ni ya kampuni," Mzee Mwazembe akasema. "Nyuki ni wetu. Tukizembea, inabaki mbao tu."

"Na malori yao?"

"Jioni hayakatizi njia ya tembo. Mwanzo yalikatiza. Wake zetu wakatoa mafiga, wakapika ugali katikati ya barabara siku tatu, mpaka kampuni ikakubali."

Minza alikuwa analitazama dumu. "Babu, humo mna nini? Nyuki hawa wakisikia harufu ya pombe wanachafuka."

Nikaona haya. "Maji, mjukuu wangu."

Kwenye mlango wa uzio nikajikwaa. Nikaudaka waya nisianguke, nguzo ikang'oka, mizinga miwili ikaporomoka, na ulanzi ukanimwagikia kifuani. Kisha nikasikia mngurumo, kama mashine ya kusaga inawashwa kijiji cha pili.

"Vua koti, babu. Kimbia."

Koti nililitupa nje ya nyumba ya Mzee Mwazembe, iliyo kando ya mahindi, nyuki wakalifunika likawa jeusi. Tukafunga mlango. Dirishani tuliliona lile pengo kwenye uzio, halina nyuki hata mmoja. Na tembo jike akatoka porini.

Hakuwa na haraka. Jua lilikuwa bado lipo, nikaziona hata kope zake. Alinusa nguzo iliyolala, akaivuka, akaingia kwenye mahindi. Tulisikiliza mabua yakivunjika karibu na ukuta, udongo ukitudondokea vichwani. Nilikiuma kiganja changu nisilie. Castory hakuwa na ukuta.

Alipoondoka, Mzee Mwazembe hakunigombeza. "Wageni wengine huja na sukari," akasema. "Wewe umekuja na tembo."

Asubuhi Minza alikuwa anasimamisha nguzo. "Mwaka huu hakuna tembo aliyewahi kupita kabla ya jana," akasema. "Utawaambia nini kwenu?"

"Nilichokiona."

"Chote, au nusu?"

Nikamshikia nguzo. Uso ulikuwa umevimba kwa kuumwa na nyuki, nikasingizia kwamba mdomo haufunguki.

Njia nzima ya kurudi, Mbeya, Igawa, Iringa, nilikuwa nakariri: nimeona kwa macho yangu tembo akipita uzio. Hakuna uongo hapo. Na nyanya zangu zinapona.

Mkutanoni nikasimama. "Tembo alipita," nikasema. Watu wakaguna. Wengine walianza kuinuka, waende zao.

Mjane wa Castory alikuwa amekaa mbele. Shamba lake limepakana na langu. Bila mizinga, atalilinda kwa kupiga debe, peke yake. Akauliza taratibu, "Alipitaje, shemeji?"

Nikaliweka dumu tupu mezani. Nikaeleza ulanzi, na maji niliyoyasema, na waya nilioung'oa mwenyewe. Walicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Kisha wakakubali, kwa sharti la malori kutokatiza njia jioni, na sharti moja juu yangu: waya utakaguliwa na mimi.

Nyanya nimezihamishia mlimani, hazizai vizuri. Kila asubuhi naikagua mizinga, koti limefuliwa, mdomo umesukutuliwa. Nyayo za tembo zinapita palipokuwa matuta yangu, pana kama ungo. Nilikwenda Chunya nikidhani nitauacha woga huko huko. Nimerudi nao. Ndio unaoniamsha kwenda kushika waya, nguzo kwa nguzo, mpaka ile ya mwisho, iliyo kwenye shamba la shemeji yangu.