Ndoo ya Maji ya Kioo Iliyoganda

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, sisi akina mama wa Makoko tulikuwa na kikundi cha sabuni. Mafuta ya pamba yalikuwa yanatoka Bunda, kostiki, yale magadi makali ya sabuni, tunaletewa na ushirika, na pamoja nayo ilikuwa inakuja dawa moja nzito, inateleza na kung'aa. Tuliiita maji ya kioo. Jioni tunaizimua na maji kwenye ndoo, asubuhi tunaichanganya na sabuni ili iwe ngumu, isiishe haraka.

Shida ilikuwa harufu. Watu wa Nyakato walikuwa wanatutania: "Mama, hii ni ya kufulia au ya kukaangia sato?" Iliniuma. Basi shemeji yangu akaniletea kapu la malimau kutoka Nyamuswa, nikakamua yote, sufuria nzima. Wenzangu walipoondoka jioni, nikamimina kwenye ndoo ile. Nilitaka wakija asubuhi wasikie harufu nzuri, waulize ni nani, niseme ni mimi. Nilitaka sifa, sitaficha.

Asubuhi ndoo ilikuwa imeganda. Ukiitikisa inatetemeka kama mchuzi wa makongoro uliolala.

Jana yake aliyekoroga mwisho mbele ya watu alikuwa bibi mmoja mjane, mkubwa kuliko sisi wote. Alikuwa hasali kanisani, anashika mila za kwao, na mwiko wa kukorogea ulikuwa wake.

"Maji yanagandaje na jua hili?" mama mwenyekiti aliuliza. "Nani aligusa mwisho?"

Wote tukamwangalia bibi.

"Mimi nilikoroga tu, kama siku zote nakorogaga."

"Ulikoroga na nini moyoni?"

Neno lenyewe hakuna aliyelitaja. Aliambiwa akae nyumbani, Jumamosi tutakaa kikao kuamua kama atolewe kwenye kikundi. Kwa mjane asiye na mtoto, kutolewa kwenye kikundi ni kutolewa kijijini, maana nani tena angemsalimia? Alichukua mwiko wake, akafuta kwa kanga, akaondoka.

Nikanyamaza. Siku mbili nimenyamaza. Nilikuwa nasali rozari, nikifika fumbo la tatu napotea, naanza upya. Nilijiambia labda si malimau. Labda kweli ni yeye. Hilo ndilo linanisumbua mpaka leo, kwamba nilitamani iwe yeye.

Wakati ule nilikuwa nasoma kisomo cha jioni pale shule ya msingi. Ijumaa nikambebea mwalimu kipande cha kile kilichoganda kwenye bakuli, nikamweleza yote, na malimau. Mwalimu akakibonyeza kwa kidole, akacheka.

"Mama, hayo maji ni mchanga ulioyeyushwa. Ukiyatilia kitu kichachu, chembe zake zinashikana mikono, zinakuwa kama wavu wa dagaa. Maji yananaswa humo ndani, hayana pa kwenda."

"Kwa hiyo si mtu?"

"Ni mtu. Ni wewe." Akanirudishia bakuli. "Usitupe. Limau na hiyo dawa vimezaa chumvi humo; ioshe itoke, kisha anika kivulini polepole. Itasinyaa, ipasuke, ibaki chenga ngumu kama kioo. Maji yatatoka lakini vitundu vya wavu vitabaki, vidogo huvioni. Na vina kiu hivyo."

Jumamosi nikasimama mbele ya kikundi. "Ndoo niliiharibu mimi. Nilitia malimau."

Mama mwenyekiti akatikisa kichwa. "Hiyo ni huruma yako ya kanisani. Kaa chini, dada."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, sikujiandaa kutoaminiwa. Nikaomba kikombe kimoja cha maji ya kioo. Wakanung'unika, lakini wakanipa. Nikazimua. Nikatoa malimau mfukoni, nikampa mwenyekiti mwenyewe. "Kamua wewe."

Akakamua, anakoroga kwa kijiti, anakamua tena. Mwanzo hakuna kitu, kikawa na ukungu kidogo. Akina mama wakaanza kuguna. Nikawa nasali Salamu Maria kimoyomoyo, nahesabu kwa vidole. Halafu kijiti kikasimama chenyewe katikati ya kikombe. Mwenyekiti akakiinamisha kikombe. Hakikumwagika.

Bibi, aliyeitwa aje kusikia uamuzi, alikuwa amekaa mlangoni peke yake. "Ee," alisema, "leo aliyekoroga ni nani?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Mwenyekiti akacheka mwisho. Akamwendea bibi, akapiga goti, akamwambia, "Shikamoo, mama. Rudi kazini." Bibi akaitikia marahaba.

Ile ndoo iliyoganda aliiomba yeye. Nikamweleza maneno ya mwalimu, naye akafanya hivyo hivyo: akaikata vipande, akaiosha na maji ya ziwa mara nyingi, akaianika kwenye ungo kivulini. Wiki kadhaa baadaye ndoo nzima ilikuwa imebaki bakuli moja la chenga nyeupe. Ukiweka moja ulimini inanata, inakunyonya mate. Alizifunga kwenye kitambaa, akazitia kwenye kibuyu cha mbegu zake za vitunguu. Masika yale sisi wengine mbegu zilishika ukungu, za kwake zikaota. Kila chenga zile zikishiba unyevu anazikaanga kwenye chungu, zinapata kiu upya. Alinigawia kiganja kimoja, ziko mpaka sasa kwenye kopo langu la mbegu.

Lakini hakunisamehe kwa mdomo, na mimi sikumlazimisha. Siku zote za sabuni baada ya pale, alikuwa anakuja na mwiko wake, na kabla hajakoroga ananinyooshea mimi kwanza, mbele ya wote.

"Anza wewe, mwanangu. Waone."

Nakoroga, namrudishia. Ilikuwa hivyo mpaka alipofariki. Hakuna siku niliyokataa.