Toka Mchanga Ukifika

Bafuni kwa Bibi Mvuke hapakuwa na saa. Zilizowahi kutundikwa humo zilipofuka macho kwa mvuke, zikafa. Muda wa kuoga aliupima kwa hadithi moja, na hadithi yenyewe ilikuwa jangwa lote linalouzunguka mji, tangu halijawa jangwa.

Mteja akishazama na kaptula yake kwenye hodhi la saruji, lililojazwa na chemchemi ya moto kutoka chini, Bibi aliketi kigodani, akafumba macho, akaanza na moto.

Zamani, chini ya hapo ulipoweka makalio yako, ardhi ilivimba kama jipu. Ikapasuka, majivu yakanyesha hadi mchana ukageuka usiku. Ikanyamaza mno, mpaka hata milima ikasahau. Halafu ikaja volkeno ya pili, na hiyo haikupiga kelele. Ilitapika uji mweusi ukatambaa polepole, ukafunika kila kitu, ukapoa ukawa haya mawe yanayokula soli za viatu.

Hapo mteja alikuwa ameshalegea.

Kisha ardhi ikavutwa huku na huku, kama shuka moja kwa wanandoa wawili, ikachanika. Kingo zikabaki juu, katikati pakashuka, ndiyo maana tunaishi bondeni na magenge yanatuchungulia. Bonde likajaa ziwa. Jua likalinywa bila haraka, ikabaki chumvi. Mwisho ukaja mchanga, hakuna aliyeualika, ukakaa.

"Mchanga umefika," alisema Bibi. "Toka."

Mtu akatoka laini, na uso kama amezaliwa asubuhi hiyo.

Hadithi aliipata kwa mjiolojia mmoja aliyekuwa akija kuloweka goti bovu huku akiropoka nusu usingizini. Habari ya shuka aliiongeza mwenyewe. Mkubwa mmoja wa serikali aliwahi kuomba ziwa lirefushwe kidogo. Akarefushiwa mpaka akakoroma, na nchi ikapumzika.

Upande wa pili wa ukuta aliishi wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Hawakuwa wakisemeshana tangu wifi aazime sufuria na kuirudisha bila mfuniko.

Alfajiri moja ardhi ilijinyoosha kidogo. Vikombe vikagongana kabatini, ukuta kati ya nyua mbili ukapata ufa wa kupitisha mkono. Bibi alipokwenda hodhini alikuta maji yamepoa na hakuna mapya yanayopanda. Akasubiri, kama unavyomsubiri mtu aliyesema anatoka mara moja. Jua lilipochomoza aliona mvuke ukipanda kwa madaha nyuma ya ukuta, katikati ya mchicha wa wifi. Chemchemi ilikuwa imehama.

Wifi akachimba, akapanga mawe, wateja wakahama na taulo zao. Bibi akabaki na mijusi. Kazi nyingine hakuijua, na sauti yake, iliyozoea kuzungumza kutwa, haikuwa na pa kwenda.

Lakini kwa wifi watu waliingia wakasahau kutoka. Dereva wa lori alizirai, akaburutwa nje kama godoro lililoloa. Basi wifi akaamua kusimulia mwenyewe. Si alikuwa ameisikia ukutani miaka yote?

"Zamani ardhi ilichanika," alianza, "likajaa ziwa..."

"Na moto je?" akauliza dereva, aliyekuwa amerudi kwa tahadhari.

"Moto unakuja, shemeji. Mbona haraka, umeacha chungu jikoni? Basi volkeno ikalipuka humohumo ziwani, mchanga ukafika. Toka."

"Mama, hata magoti hayajalowa."

Kwenye kigoda chake, Bibi aliuma meno. Alivumilia zamu ya dereva, akavumilia ya fundi cherehani. Wifi aliposahau kabisa volkeno ya pili, akasogeza kigoda mpaka kwenye ufa.

"Mwambieni mwenye maji," aliwaambia wateja, "majivu kwanza."



"Mwambieni mwenye maneno," akajibu wifi, "kama anajua sana, aendelee."

"Mwambieni sisemi na mla mifuniko."

"Basi aseme na ukuta."

Bibi akasema na ukuta. Alianza upya, motoni, na maneno yalipenya ufani huku mvuke ukija upande wake, mpaka ikawa vigumu kujua nani anaoga. Uji mweusi ukatambaa. Shuka likachanika. Alipofika ziwani akasikia mtu anakoroma karibu kabisa na ufa, mkoromo wa ukoo, uleule wa marehemu mumewe. Akauacha mchanga usubiri. Akalirefusha ziwa, akalitia mawimbi, akalitia ndege weupe ambao mjiolojia hakuwahi kuwataja.

Kesho yake mpira wa maji ulichungulia kutoka ufani kama nyoka mwenye haya, ukajivuta hadi hodhini, ukaanza kumwaga maji ya moto. Bibi akavua viatu, akatumbukiza miguu, akafumba macho, akaanza kuwasimulia wa pande zote mbili.

Mfuniko bado haujarudi.