Kijiti cha Mkaratusi kwenye Pedeli ya Breki

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva, mwingine analala chini karibu na gurudumu na spana namba kumi. Wa chini anasema "kanyaga", wa juu anakanyaga mara tatu nne halafu anashikilia. Wa chini analegeza nati ndogo, mafuta yanatoka pamoja na mapovu, anakaza, ndipo anasema "achia". Mnarudia mpaka mapovu yaishe. Mkimaliza magurudumu yote manne, pedeli inakuwa ngumu, inashika juu, na gari linasimama pale unapotaka lisimame. Nimeifanya kazi hiyo kwenye magari yangu mwenyewe miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo aliyekanyaga ni mke wangu.

Mimi shule niliachia darasa la nne, kule Mwanza nilikokulia. Silionei haya. Wenye digrii zao huja dukani kwangu kuuliza nondo za nguzo ziwe nene kiasi gani, nami nawajibu bila kufungua kitabu. Nyumba yangu ya Kagugu niliichora kwa kidole kwenye udongo na ikasimama. Fundi bomba alipokosea mteremko wa maji machafu, ni mimi niliyemwonyesha. Na gari langu halijawahi kuguswa na fundi mwingine tangu lije mjini Kigali.

Nyumba hiyo ina vyumba sita. Mwaka mzima sasa nalala kimoja, nakula jikoni kwa kusimama, na vilivyobaki nafungua madirisha Jumapili ili visinuke.

Mke wangu hakuondoka kwa ugomvi. Binti yetu alijifungua huko Masaka, pembezoni mwa Kigali, anakoishi na mumewe, mama akaenda kumsaidia kwa miezi mitatu. Miezi mitatu ikaisha. Mtoto akaota meno, akaanza kusimama kwa kushika viti, na bibi yake bado yuko. Mara mbili tulipatana siku ya mimi kwenda kumchukua, na mara zote mbili nilizuiwa na duka. Mara ya kwanza saruji ilikuwa inashushwa. Mara ya pili sikumbuki ilikuwa nini, na hilo ndilo linalonisumbua. Alikuwa amepanga begi, akalipangua.

Mara ya tatu alinipigia mwenyewe. "Jumamosi, baada ya umuganda," alisema. "Kabla ya saa tisa. Ikipita saa tisa nitajua."

"Utajua nini?"

"Wewe njoo tu. Na uje na gari lako, mimi kwenye moto sipandi tena." Moto ndiyo bodaboda ya huku.

Wakati huo gari lilikuwa juu ya matofali. Kalipa za mbele, yale makucha ya chuma yanayobana diski, zilikuwa zimekwama kwa kutu, nami nilikuwa nimeagiza nyingine zilizotumika kutoka kwa fundi mwenzangu wa zamani aliyebaki Mwanza. Zilifika kwa basi siku ya Alhamisi, kila moja imefungwa gazeti. Juu ya moja ameandika kwa wino mwekundu DEREVA, juu ya nyingine ABIRIA. Ijumaa nikazifunga, ya dereva upande wa dereva, ya abiria upande wa abiria. Nilitumia saa moja na nusu, na sijui fundi mwingine hapa mjini anayeweza kasi hiyo. Nilibakiza kutoa upepo tu, nikajiambia hiyo ni kazi ya nusu saa.

Jumamosi kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, tulichimbua mtaro wa mtaa. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, fundi cherehani, mtu mpole wa msikitini, alinisikia nikisimulia habari za breki. "Muzehe, iko mimi naweza saidia," alisema. Nikamjibu kwamba mimi nimefungua injini za malori peke yangu porini, breki zitanishinda? Watu wakacheka, naye akacheka, akaendelea na jembe lake. Saa tano tukatawanyika.

Nikaingia ndani, nikafunga geti, na ndipo nilipokumbuka kwamba kazi ile ina watu wawili.

Nilikata kijiti cha mkaratusi kutoka kwenye miti iliyobaki ya jukwaa la ujenzi. Nikavisha ile nati ya upepo mpira mwembamba, ncha ya pili nikaitumbukiza kwenye chupa yenye mafuta ya breki, ili pedeli ikirudi ivute mafuta badala ya upepo. Nikakanyaga mara nne, nikakaza kijiti kati ya pedeli na kiti, nikashuka, nikazunguka gari, nikalala, nikalegeza nati. Kijiti kilianguka. Nikakaza nati, nikainuka, nikazunguka tena. Mtu ukifanya hivyo mara ishirini, kiuno kinakukumbusha umri wako.

Jambo moja sikulitegemea. Kila nikilala chini, mdomo wangu ulisema "kanyaga" wenyewe. Halafu nasubiri. Mke wangu alikuwa na namna yake ya kujibu, "nimeshika," kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maelezo yangu. Sasa nilisikia pikipiki barabarani na njiwa kwenye paa la jirani.

Magurudumu ya nyuma yalitoa mapovu kidogo yakawa safi. Ya mbele yalitoa mafuta masafi tangu mwanzo, hakuna hata povu moja. Nikasema nimemaliza. Nikapanda, nikakanyaga, na pedeli ikazama mpaka kwenye zulia kama nimekanyaga godoro. Nikarudia yote manne. Ikazama. Nikafungua chupa ya pili, nikakagua kila kiungo kama kinavuja, nikarudia. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Gari la namna hiyo huwezi kuteremka nalo Kagugu, labda kama umechoka kuishi.

Saa nane na nusu simu ikalia.

"Uko wapi?" mke wangu akauliza.

"Nakuja."

"Sijauliza kama unakuja. Nimeuliza uko wapi."

Nilikuwa nimelala chali juu ya gunia, mafuta mpaka viwiko. Nikafikiria kusema niko Kibagabaga, foleni.

"Uko chini ya gari," akasema. "Nasikia unavyohema."

"Namalizia breki."

"Nani anakukanyagia?"

Hapo ningeweza kutaja mtu yeyote. Kigali imejaa watu.

"Kijiti," nikasema.

"Kijiti gani?"

"Cha mkaratusi."

"Kinakujibu?"

"Hakijibu."

"Basi mmepatana. Hakikukatizi maneno." Nyuma yake mtoto alikuwa anagonga sufuria na kijiko. "Mapovu yanatoka?"

"Nyuma yalitoka. Mbele hakuna kitu, na pedeli inazama."

"Ile nati ya mbele inaangalia wapi?"

"Nati ya upepo inakuwa juu, mama. Upepo hupanda."

"Najua hupanda. Miaka ishirini na sita ukinieleza kwamba hupanda, nimekaa kwenye kiti mguu unaniuma. Sikuulizi inakuwa wapi. Geuza shingo uangalie yako iko wapi."

Niliweka simu juu ya tofali, nikageuza shingo. Nati ilikuwa chini, inaangalia zege. Nikatambaa mpaka upande wa pili. Na huko ilikuwa chini.

Ikanijia yote kwa mara moja. Kule Mwanza usukani uko kulia, dereva anakaa kulia. Hapa usukani uko kushoto. Mwenzangu alimwandikia dereva wa kwake, mimi nikamfungia dereva wa kwangu, na kalipa ya kulia ikaenda kushoto, ya kushoto ikaenda kulia. Zinaingia bila kulazimisha, bolti zinakaa vizuri kabisa. Ila nati inageuka chini, na upepo unabaki umejibanza juu ndani ya kalipa, hata ukanyagiwe na kijiji kizima hautoki. Nimevuka mpaka wa Rusumo na magari mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikuliona hilo kwa sababu sikuangalia. Niliamini mikono yangu imeshaangalia.

"Vipi?" simu ikauliza kutoka kwenye tofali.

"Nimefunga kinyume."

"Sikusikia."

"Umesikia."

"Nimesikia. Rudia tu."

Nikakaa kitako kwenye zege. "Nimezifunga kinyume. Nimekosea."

Hakucheka. Mtoto aliendelea kugonga sufuria yake. "Basi zigeuze," akasema.

"Saa tisa inafika."

"Saa ninayo."

"Nikate simu?"

"Ina chaji?"

"Inayo."

"Iache."

Nikazigeuza. Muda wote ule simu ilibaki kwenye tofali imewashwa, nami nikasikia nyumba ya binti yangu jinsi inavyoishi mchana: maji yakimiminwa, mlango, mtoto akilia na kunyamazishwa, mke wangu akimwambia mtu aongeze chumvi. Nati zilipokaa juu, nikachomeka mpira, nikakanyaga, nikakaza kijiti, nikazunguka, nikalala.

"Kanyaga," nikasema. Ni mazoea tu.

"Nimeshika," ikajibu simu.

Sikuweza kulegeza nati mara moja. Nilipolegeza, mapovu yalitoka kwa fujo, makubwa kama punje za mahindi, chupa ikachafuka. Nikakaza. "Achia." "Nimeachia." Nikainuka, nikaenda kukanyaga mwenyewe, nikarudi. Tulifanya hivyo, yeye Masaka mimi Kagugu, mpaka mafuta yakaja masafi kulia na kushoto. Mara ya mwisho pedeli ilishika juu, ngumu, kijiti kikabaki kimesimama wima bila kutikisika.

"Imeshika," nikasema.

"Njoo polepole," akasema, akakata.

Nilifika Masaka saa kumi na moja. Mke wangu alitoka nje, mjukuu mgongoni. Alikuwa amekonda kidogo, au mimi nilikuwa nimesahau. Hakunisalimia kwanza. Alifungua mlango wa dereva, akakaa ameinama mbele, mtoto mgongoni, akakanyaga mara tatu, akashikilia. Akasikiliza kama tulivyozoea kusikiliza, kuona kama inazama polepole.

"Hii ni ngumu," akasema.

Nilitazama mlangoni kwa binti yangu, nikatafuta begi.

"Sijalipanga," akasema. Aliona macho yangu yalikokwenda. "Nimelipanga mara mbili nikalipangua, binti yako akiniangalia. Safari hii nilisema nione kwanza kama utafika."

"Nimefika."

"Umefika saa kumi na moja."

"Nimefika," nikasema tena.

Alishuka, akamrekebisha mtoto kwenye kanga. "Kesho baada ya kanisa," akasema. "Litakuwa tayari."

Nikarudi peke yangu. Kwenye kila mteremko niligusa breki, na kila mara gari lilisimama vizuri kama jipya, na hapakuwa na mtu kwenye kiti cha pili wa kumwambia. Nyumbani niliosha mikono mara tatu, harufu haikutoka. Nikafungua madirisha ya vyumba vyote, ingawa haikuwa Jumapili.

Asubuhi kabla ya kanisa nilipiga magoti kwenye zege, nikachungulia ndani ya magurudumu yote manne kama kuna tone. Nikaangalia kwa macho, nikapapasa na kwa kidole. Palikuwa pakavu. Kijiti nikakirudisha kwenye miti ya jukwaa, nikafungua geti.