Anayetangulia Kundi

Simpendi binamu yangu Ravdna, na afadhali mlijue hilo kabla sijaanza kumsifu. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hapa Jokkmokk, kaskazini kabisa kwenye baridi, hakuna anayeendesha pikipiki ya theluji kama yeye. Theluji ile laini, ambayo sisi wengine tunazama ndani yake tukachimbua mashine kwa koleo huku tunatukana, yeye anaelea juu yake kama povu juu ya kahawa. Amesimama, mashine imelala ubavu, anakata kona kati ya miti huku anatafuna nyama kavu. Kule kutafuna ndiko kuliniudhi zaidi.

Kama mimi, alizaliwa kwenye ufugaji wa kulungu, wale wa nchi za theluji. Mumewe alimkimbia akaenda kuishi mjini, akabaki na mama yake, mbwa wawili na banda la zana. Humo aliibadilisha mashine kwa mikono yake: akafunga mkanda mrefu wenye meno marefu, ule unaoisukuma mashine, akaweka mbele skii pana za kutelezea, akazisogeza zikaribiane ili mashine ikubali kulala, akang'oa kila chuma kisicho na kazi. Watu wakawa hawana habari nyingine. Ravdna hivi, Ravdna vile. Hata mama yangu mzazi!

Ningevumilia, lakini mwaka ule magoti ya Mjomba Niillas yaligoma. Yeye ndiye aliyekuwa akitangulia kundi la kulungu kuwafungulia njia kila Aprili kutoka msituni hadi milimani, na kabla yake alitangulia baba yangu. Nafasi ile ilikuwa yangu. Nikasikia anataka kumpa Ravdna. Roho iliniuma hadi chakula kikanishinda.

Basi nikawa nachungulia banda lake kila alipotoka. Mkanda wake, nikanunua kama ule. Skii zake, vivyo hivyo. Nikang'oa hata kiti. Siku ya kuondoka theluji mpya ilikuwa imeanguka, inafika mapajani, nami nikapita mbele ya Mjomba bila kuzama hata kidogo.

"Ehee! Umeota mabawa lini, mjomba?" akacheka. "Haya, tangulia tukuone."

Nikamtazama Ravdna. Alikuwa juu ya mashine kuukuu ya marehemu baba yake, pana, nzito, inakohoa, na nyuma anavuta sledi, kigari cha kuburutwa kisicho na magurudumu, iliyojaa kuni na mahema. Nikajua amekubali kushindwa. Raha niliyoipata, we acha tu.

Nikamfunga kamba dume mzee mwenye kengele, yule ambaye kulungu wote humfuata, nikaondoka. Mara kamba ikakaza. Nikageuka: dume amezama hadi tumboni. Mashine yangu ilipita juu juu, na yale meno marefu yaliivuruga theluji badala ya kuishindilia. Nikamvuta. Akaketi. Kundi zima likasimama, kisha wengine wakaanza kurudi msituni.

"We Heaika!" Mjomba akafoka. "Unatufungulia njia au unacheza?"

Ravdna akanifikia polepole, akafungua kamba yangu bila kuniomba, akaifunga kwenye sledi yake. Nyuma yake, mashine na sledi vilipopita, theluji ilikuwa imelala ngumu kama sakafu.

"Mashine ya kuelea ni ya kuwafuata waliopotea, binamu," akasema. "Ya kutangulia lazima ikanyage."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Si ulikuwa unachungulia? Zote mbili zilikuwa humo humo bandani." Akatia kipande cha nyama mdomoni, akaondoka.

Nikatumwa kuwasaka waliotawanyika. Niliifanya kazi ile vizuri, nikielea bondeni peke yangu, wala hakuna aliyeniona. Nilipowafikisha wa mwisho njiani niliangalia masikio yao. Yalikuwa na mkato wa umiliki wa baba yangu, ambao sasa ni alama yangu mimi. Kulungu wangu mwenyewe wakajipanga mstari juu ya njia ya Ravdna wakamfuata, na hata mmoja hakugeuka kunitazama.